KIGAE HAKINA KABILA
Mabishano ya wataalamu juu ya majina ya vyungu, na fundisho lake kwa askari

Na Afisa Uhusiano wa Jeshi

MFINYANZI hulia gaeni, walinena wahenga, wakimsikitikia fundi ambaye huwatengenezea wengine vyungu vizima na yeye mwenyewe akabakiwa na vipande. Lakini ziko siku ambapo kipande hicho cha chungu, yaani kigae, huwashughulisha hata watu ambao hawajapata kushika udongo wa kufinyangia. Siku moja ya namna hiyo ilitukuta sisi huko Rugerero, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakati askari, polisi na wananchi walipokuwa bega kwa bega katika kazi ya umuganda, wakichimba mfereji wa kuyaongoza maji ya mvua.

Rugerero ni sekta katika Wilaya ya Rubavu, ambayo zamani ilihesabiwa katika mkoa wa Gisenyi. Ziwa Kivu haliko mbali, na Mto Sebeya hupita huko ukiteremka kuelekea ziwani. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mto huo uliacha njia yake na kuingia majumbani mwa watu. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda yaliua watu zaidi ya 130. Tangu hapo mfereji katika sehemu hizo si jambo dogo, na ndiyo sababu siku ile hakuna aliyehitaji kuhimizwa kushika jembe.

Jembe la koplo mmoja liligonga kitu kigumu katika kina kisichozidi goti. Kwanza alidhani ni jiwe, maana ardhi ya huko imejaa mawe yaliyotapikwa na milima ya moto. Alipokisugua kwa kidole gumba akaona kwamba ni kipande cha chungu, kipana kama kiganja, chekundu kwa nje na cheusi kwa ndani, nacho kina safu za vialama vidogo vilivyopangana kama punje za mtama.

Basi kazi ikasimama kidogo. Askari mmoja kijana akasema kwamba hicho ni chungu cha watu wa kwanza kabisa kuingia nchini. Mwenzake akapinga, akasema babu yake alimweleza kuwa vyungu vya alama hizo ni vya Watwa, wala si vya mtu mwingine. Wa tatu akataja wafugaji waliokuja na ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na kabila lake la kukivisha kile kigae, na sauti zikaanza kupanda.

Ndipo sajenti mmoja wa polisi, ambaye kazi yake ni upelelezi, alipoegemea mpini wa jembe lake akauliza kwa upole:

"Ndugu zangu, nani kati yenu alimwona aliyekifinyanga?"

Kimya.

"Mimi naona kigae chenye alama za kamba. Hayo mengine mmeyaleta ninyi kutoka nyumbani."

Mama mmoja mfinyanzi, aliyekuwa akizoa udongo kando ya mfereji, akacheka. Akaomba apewe kigae, akakigeuza mara mbili, kisha akasema kwa Kiswahili cha mpakani:

"Wanangu, alama hizi hata mimi huziweka. Nilikozaliwa hatukuviringisha kamba, tulikwaruza kwa kijiti. Nilipoolewa huku, mama mkwe akanishika mkono akanionyesha kamba. Siku hizi natumia zote mbili, kwa jinsi mteja apendavyo."

Kazi ikaendelea, na mfereji ukamalizika. Lakini sisi tulirudi na swali mfukoni. Tulipoyatafuta yaliyoandikwa na wataalamu wa mambo ya kale, tuliona ajabu: mabishano ya wale vijana mferejini ndiyo yale yale ambayo wasomi wakubwa wamekuwa nayo kwa miaka zaidi ya 70. Wanabishana juu ya jina la mtindo wa vyungu. Na jinsi walivyobishana, na walivyosahihishana, ni jambo linalotuhusu sana sisi tuliovaa sare.

KIBONYEO KITAKONI

Kisa hiki hakikuanzia Rwanda. Kilianzia Kenya, upande wa Ziwa Viktoria, ambako mvua ilichimba makorongo mahali paitwapo Urewe na kufichua vigae vingi vya kale. Miongoni mwa waliovikusanya alikuwa mmisionari wa Kianglikana, Walter Edwin Owen. Yeye alifariki mwaka 1945, na mwaka 1948 taarifa ya vyungu hivyo ikatolewa kwa jina lake pamoja na majina ya Mary Leakey na Louis Leakey, mtu na mkewe waliokuja kupata sifa duniani kote kwa uchimbuaji wao.

Waandishi hao waliona kwamba vyungu vingi vya Urewe vina kibonyeo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi aliubonyeza udongo mbichi kwa kidole kabla ya kuuchoma. Wakaviita kwa alama hiyo: vyungu vya kibonyeo. Lilikuwa jina la uaminifu, kwa sababu lilisema lile tu ambalo jicho linaliona.

Walakini kadiri vigae vya mkono huo vilivyozidi kupatikana katika Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kivu, jina likaanza kubana. Vilionekana vyungu vyenye kingo zilizopigwa mifuo ile ile, na mabega yaliyochorwa mistari ile ile ya kupishana, lakini chini havina kibonyeo hata kidogo. Je, vifukuzwe katika ukoo wao kwa kosa la kukosa tundu la kidole? Katika miaka ya 1960 Merrick Posnansky, aliyepata kuwa msimamizi wa makumbusho ya Uganda, alikuwa miongoni mwa waliopendelea kuliacha jina la alama na kushika jina la mahali. Hivyo vyungu vikaitwa Urewe, na jina hilo ndilo linalotumika mpaka leo.

Je, ugomvi ukaisha? La. Jina la mahali nalo lina hila yake. Msomaji akisikia "vyungu vya Urewe" vimepatikana Rwanda, haraka huwaza kwamba vimetoka Urewe, au kwamba watu wa Urewe walihamia Rwanda. Kumbe Urewe ni mahali ambapo mtindo huo ulitambuliwa na kuandikwa. Si lazima pawe ndipo ulipozaliwa, na miaka ya vyungu vya upande wa magharibi wa ziwa imeonyesha kwamba huku ulitangulia kutumika. Wananchi wa Rugerero wanaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Katika Rwanda ya kale kambi ya mashujaa waliolinda mipaka iliitwa urugerero, na tangu mwaka 2013 vijana wanaomaliza sekondari wameitwa kwenye utumishi wa taifa kwa neno hilo hilo. Mtu mwenye haraka angesikia majina hayo mawili, akaapa kwamba sekta ile iliitwa hivyo kwa sababu ya kambi. Lakini sauti kufanana si ushahidi. Jina ni mlango wa kuanzia kuuliza.

PWANI NAKO HAWAKUPATANA

Tusidhani kwamba ugomvi wa namna hii ni wa bara peke yake. Pwani ya Waswahili, kutoka visiwa vya Lamu hadi kusini mwa Tanzania, huchimbuliwa vyungu vya karne ya 7 hadi ya 10 ambavyo shingoni vimechorwa pembetatu kwa ncha ya kijiti. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa na Manda, aliviona kama vyombo vya jikoni tu, visivyostahili jina kubwa, kwa kuwa macho yake yalivutwa zaidi na vyombo vya kigeni vilivyoletwa na majahazi. Mark Horton, aliyechimbua Shanga katika kisiwa cha Pate, akavipa jina la Mto Tana. Felix Chami, mtaalamu wa Kitanzania, hakukubali. Katika kitabu chake cha mwaka 1994 alishikilia kwamba viitwe kwa nakshi yao, yaani vyungu vya pembetatu za kuchorwa.

Kwa nini mtu agombanie neno? Kwa sababu anayesema "Tana" humwelekeza msikilizaji kaskazini, kana kwamba chimbuko la Waswahili liko huko. Vyungu hivyo hivyo vimejaa Tanzania, na Chami aliviona kuwa vizao vya vyungu vya wakulima waliokaa pwani tangu zamani, ambavyo Robert Soper alikuwa amevitambua huko Kwale, Kenya, katika miaka ya 1960. Nyuma ya jina moja la chungu palikuwa na swali zima: Waswahili ni nani, na miji yao ya mawe ilijengwa na nani?

Mtazame msomaji jinsi mambo yalivyopinduka. Bara wataalamu waliliacha jina la alama wakashika la mahali, ili vyungu visivyo na kibonyeo visiachwe nje. Pwani Chami alilikataa jina la mahali akashika la alama, ili mto mmoja usipewe urithi wa pwani nzima. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yao. Kila upande uliona hatari iliyokuwa karibu nao.

HERUFI A, B NA C

Sasa turudi kwetu, ambako herufi tatu zilizua mambo mazito zaidi. Katika miaka ya 1950 wachunguzi wawili, Jean Hiernaux na Emma Maquet, walichunguza mabaki ya kale katika Ruanda-Urundi na Kivu, nchi zilizokuwa chini ya Wabelgiji. Mwaka 1954 walieleza habari za tanuri la kale la kuyeyushia chuma katika nchi ya Wahunde, ng'ambo ya mpaka kutoka Gisenyi. Mwaka 1957 na mwaka 1960 wakatoa taarifa kubwa zaidi, na humo wakagawanya vyungu katika mafungu waliyoyaita A, B na C. Fungu A ndilo lililokuja kujulikana kuwa ndugu wa Urewe, vyungu vya zama za mafundi wa kwanza wa chuma. Fungu C lilikuwa la vyungu vya siku za karibu, vyenye nakshi ya kuviringisha, navyo vikafananishwa na kazi ya wafinyanzi Watwa.

Herufi ni kitu kisicho na hatia. Haimtaji mtu wala mahali. Lakini herufi zina foleni yake: A hutangulia, B hufuata, C huja nyuma. Na katika Rwanda ya siku zile ilikuwepo foleni nyingine iliyokwisha kufundishwa watu madarasani. Tangu Mwingereza John Hanning Speke alipochapa kitabu chake cha safari mwaka 1863, wazungu wengi walisimulia historia ya nchi hizi kama msafara wa mataifa matatu: Watwa wenye pinde, kisha Wahutu wenye majembe, na mwisho Watutsi wenye ng'ombe, kila mmoja akiletwa na wimbi lake kutoka mbali. Msafara huo ulipokwisha kukaa vichwani, hapakuwa na kazi kubwa kuupa kila mtindo wa chungu taifa lake. Wako walioona katika vyungu vya kale mkulima akiingia na chuma chake, na wako walioona katika nakshi ya kamba nyayo za mfugaji. Kigae kikageuzwa cheti cha kuzaliwa.

Tunajua sote vyeti vya namna hiyo vilitufikisha wapi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwahesabu watu na kuwaandikia kabila katika kitambulisho. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno moja lililoandikwa katika kadi hiyo lilitosha kumtoa mtu uhai wake kwenye kizuizi cha barabarani. Hatusemi kwamba kigae kiliua mtu. Waliopanga mauaji na waliotekeleza walikuwa watu, na hatia ni yao. Tunasema tu kwamba tabia ni ile ile: kuona alama, kuipa jina, kisha kulichukua jina kuwa ndilo mtu mwenyewe.

BOMA LA MWAKA 1900

Je, hesabu ya kusema mtindo mmoja ni taifa moja ina kosa gani? Na tuipime kwa mfano ambao kila Mnyarwanda anaweza kuuelewa.

Tuseme mtaalamu anachimbua boma la mwaka 1900. Anapata vipande vya inkono iliyopikiwa, vya ikibindi cha maji, na vya intango kubwa ya pombe. Siku zile sehemu kubwa ya vyungu ilifinyangwa na Watwa, wakabadilishana na majirani zao kwa chakula. Kwa hiyo vyungu vya Mtwa vilikuwa jikoni kwa Mhutu, vilikuwa jikoni kwa Mtutsi, na vilikuwa katika ikulu ya mfalme. Mtaalamu wetu akishika kanuni ya kwamba chungu ni mtu, itambidi aandike kwamba mkulima, mfugaji na mfalme wote walikuwa Watwa. Ataandika uongo mtupu, na kila kigae alichokishika mkononi kitakuwa cha kweli. Kosa lake litakuwa katika daraja aliyoijenga kutoka kwenye chungu mpaka kwa mwenye chungu.

Nakshi ya kamba nayo haimtii bwana mmoja. Namna yake ni nyepesi: fundi husokota uzi wa majani au husuka utepe wenye mafundo, kisha huuviringisha kwa kiganja juu ya udongo mbichi, nao huacha safu za vialama. Mwaka 1985 Robert Soper aliwasaidia wenzake sana kwa kutenganisha namna hizi: kamba iliyosokotwa ni mbali, utepe wenye mafundo ni mbali, na kijiti kilichochongwa ni mbali. Zimeenea katika sehemu kubwa mno ya Afrika, kutoka Afrika Magharibi mpaka Maziwa Makuu, kwa watu wa lugha nyingi na kazi nyingi. Ufundi husafiri kwa ndoa, kwa soko, kwa jirani kumwiga jirani. Yule mama wa Rugerero alituambia jambo hili kwa maneno machache kuliko vitabu vyote tulivyovisoma: mkono mmoja, mitindo miwili, na sababu ni mama mkwe.

Haki inatudai pia tuseme neno juu ya Hiernaux mwenyewe. Mtu huyu hakupima vyungu tu. Alipima pia miili ya watu, na mwaka 1954 alitoa kitabu juu ya maumbile ya wakazi wa Ruanda na Urundi, kwa mtindo wa elimu ya siku zile. Lakini kadiri alivyozidi kupima, ndivyo alivyozidi kuona kwamba watu hawakubali kuingia katika masanduku. Katika maandishi yake ya miaka ya 1960 na 1970 akawa mmoja wa wataalamu waliopinga waziwazi desturi ya kuwagawa binadamu katika mataifa ya damu. Mtu aliyeshika rula mkononi ndiye aliyekuja kusema kwamba rula haitoshi. Tunaona huo ni ushujaa wa aina yake, maana ni rahisi kumsahihisha mwenzio kuliko kujisahihisha mwenyewe.

JE, TUYATUPE MAJINA YOTE?

Atatokea msomaji aseme: kama majina yana hatari kiasi hicho, na yafutwe. Hapana. Wanaoyatetea wana hoja nzito. Bila jina "Urewe" mtu wa Kisumu hawezi kulinganisha kigae chake na cha mtu wa Bukoba au wa Huye. Na kufanana kwa vyungu hivyo ni kweli, si ndoto. Mifuo ya kingo na michoro ya mabega inarudiwa katika nchi tano au sita, kwa muda wa karne nyingi, tangu kabla ya Kristo hadi baada yake, na mara kwa mara pamoja na takataka za matanuri ya chuma. Jambo kubwa lilitokea hapa, la kilimo, la chuma na la kuenea kwa lugha za Kibantu, na vigae ni mashahidi wake. Asiye na jina la kumwita shahidi atamhojije?

Kinachodaiwa ni kulipa jina kazi yake na kulizuia lisifanye kazi isiyo yake. Ndivyo wataalamu wa siku za karibu walivyojitahidi. Ceri Ashley, katika makala ya mwaka 2010, aliwataka wenzake waache kuvitazama vyungu vya Maziwa Makuu kama bendera za mataifa, wavitazame kama vyombo vya watu: nani alipika, nani alikula pamoja na nani, kwa nini chungu hiki kilipambwa kuliko kile. Mwaka huo huo John Giblin na wenzake walitangaza habari za kaburi lililochimbuliwa Kabusanze, kusini mwa Rwanda, la karibu mwaka 400, ambamo wafu walizikwa pamoja na vyungu vya Urewe. Waandishi hao walieleza habari za afya, mali, biashara na hata ukatili wa zama hizo. Giblin pia aliandika kwa kirefu juu ya namna elimu ya mambo ya kale ilivyoingizwa katika hadithi za ukabila, na namna inavyoweza kutoka humo katika Rwanda ya baada ya mwaka 1994.

Kwa hiyo "Urewe" limebaki, lakini limeshushwa cheo. Zamani lilikuwa jina la watu. Siku hizi ni jina la namna ya kufinyanga. Huko kushushwa cheo ndiko kulikoliponya.

WATU SITA

Sisi tulilipata fundisho hili kwa njia nyingine, wakati tulipokuwa wanafunzi wa uafisa. Katika zoezi moja la upelelezi tulilala juu ya kilima alfajiri, ukungu ukiwa mzito, tukatakiwa kuandika tunayoyaona bondeni. Tukaona maumbo sita yakitembea kwa mstari, kila moja limebeba kitu kirefu begani. Tukaandika kwa fahari: "Adui sita, wenye bunduki." Jua lilipotoka, adui wetu wakawa wakulima wanaokwenda shamba, na bunduki zao zikawa majembe.

Mkufunzi hakutukemea. Alichukua kalamu akakata maneno yetu, juu yake akaandika: "Watu sita. Kila mmoja amebeba kitu kirefu." Kisha akauliza: kama mngekuwa na risasi za kweli, mngefyatua kwa sababu ya mlichokiona, au kwa sababu ya mlichokiandika?

Swali hilo halijatutoka. Neno "adui" halikuwa bondeni. Lilikuwa katika kalamu yetu kabla hatujapanda kilima, kama vile kabila lilivyokuwa katika vinywa vya wale vijana kabla ya kigae kutoka ardhini. Mtaalamu akikosea jina la chungu, mwenzake atamjibu katika jarida baada ya miaka mitano, na chungu hakitaumia. Askari akikosea jina la mtu kwenye kizuizi, au polisi akikosea katika kitabu cha mashtaka, hakuna jarida la kumrudishia mtu yule uhai wake au heshima yake. Sisi tunapewa muda mfupi wa kufikiri kuliko maprofesa, na makosa yetu ni ya gharama kubwa kuliko yao. Kwa sababu hiyo tunahitaji nidhamu ya maneno kuliko wao: kwanza andika unachokiona, kisha andika unachokidhani na sababu ya kudhani, na mstari wa kuvitenganisha uwe mnene.

Nidhamu hiyo huwafaa pia wanaokuta vitu vya kale wakati wa kuchimba mahandaki, mifereji na misingi. Kigae kilichong'olewa kikatiwa mfukoni kimepoteza nusu ya ushahidi wake, kwa sababu ushahidi mkubwa uko katika mahali kilipolala, kina chake, na vilivyokuwa karibu nacho. Mpelelezi yeyote anaijua kanuni hii katika eneo la uhalifu. Simamisha jembe, weka alama, pima, andika, kisha waarifu viongozi wa sekta ili habari ifike kwa watu wa makumbusho. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2016 juu ya kuhifadhi urithi wa utamaduni imeviweka vitu vya namna hii chini ya ulinzi, na walinzi wa kwanza ni wale wenye majembe mikononi.

Siku ile Rugerero, kabla hatujaondoka, tulimwomba yule sajenti wa upelelezi aandike karatasi ya kukifuata kile kigae. Vijana watatu waliokuwa wakibishana wakasimama nyuma yake kuona ataandika kabila la nani. Sajenti akapima kwa utepe, akamwuliza mama mfinyanzi swali moja juu ya kamba, akainama juu ya goti lake. Tuliinakili karatasi hiyo, nayo ilisomeka hivi:

"Kigae kimoja cha chungu. Upana sawa na kiganja. Nje chekundu, ndani cheusi kwa moshi. Nakshi: safu za alama za kuviringisha, mfinyanzi wa hapa asema ni kamba iliyosokotwa. Kimepatikana katika mfereji, Rugerero, kina cha sentimita 45. Mfinyanzi wake: hakuonekana."

Yule koplo aliyekigonga kwa jembe akaisoma mara mbili. "Afande," akatuambia, "hii ni fupi mno." Kisha akafikiri kidogo, akaikunja vizuri, akaiweka pamoja na kigae.